Mia Moja Bora na Duka la Verna Hudak

Kila Jumatatu asubuhi simu ya dukani kwa Verna Hudak ilikuwa ikilia, na mteja yeyote aliyekuwa ndani alijua kwamba sasa atasubiri. Simu ilitoka New York, kwenye gazeti la biashara ya muziki lililokuwa likichapa kila wiki chati ya nyimbo mia moja zinazouzwa zaidi Marekani nzima. Gazeti hilo halikuwa na njia nyingine ya kujua watu wamenunua nini. Lilikuwa na maduka yake machache huku na huku, likiyapigia na kuuliza: wiki hii kimeuzwa nini zaidi? Mwenye duka anataja, wao wanaandika. Waimbaji wote tuliowaona kwenye televisheni miaka ile, wakishuka kwenye ndege na kupungia watu mikono, walipandishwa kwa mdomo wa watu kama Verna, ambaye alikuwa akijibu huku akifuta vumbi kwenye pasi za umeme.

Duka aliliachiwa na baba yake. Mbele kulikuwa na pasi, taa na redio, na nyuma kulikuwa na santuri. Kwa nini New York walilichagua duka la Corliss, mji wa Ohio wenye kiwanda kimoja cha vigae na makanisa mawili ya Waslovaki yasiyosalimiana, hakuna aliyejua. Verna alisema lazima mtu alifumba macho akachoma ramani kwa pini.

Wakati huo alikuwa amevuka miaka arobaini na mitano. Alikuwa mrefu, hajaolewa, miwani yake ikining'inia kifuani kwa mnyororo, na sauti yake ilitosha kumtoa mtu dukani bila kumgusa. Mimi nilikuwa nashona viatu mlango wa pili, ukuta wetu mmoja. Asubuhi nilikuwa nakwenda kwake kunywa kahawa kabla wateja hawajaanza, ndiyo maana mengi ya haya niliyasikia kwa masikio yangu.

Kila kampuni ya santuri ilikuwa na mtu wake wa kuzungukia maduka. Aliyependwa zaidi Corliss alikuwa Lou Castagna, mtu mnene wa kutoka Pittsburgh aliyevaa viatu vyeupe hata kwenye theluji. Krismasi alileta paja la nguruwe la kukaushwa kwa moshi. Pasaka alileta divai. Mwaka mmoja alileta televisheni ya rangi, akaiweka mwenyewe juu ya kaunta.

"Verna, mpenzi wangu," alikuwa akisema, "nina kijana anaumwa. Yuko namba sitini na mbili, amekwama. Nisaidie kumpandisha."

"Anaimba nini?"

"Mambo ya mapenzi. Sijui. Sijamsikiliza."

"Nimweke wapi?"

"Mweke tano. Sita kama una haya."

Jumatatu Verna alimtaja kijana huyo namba tano, na duka zima halikuwa limeuza hata santuri yake moja. Siku moja niliuliza, kwa sauti ya chini, kama hilo halikuwa uongo. Verna alishangaa kweli.

"Otto, kila duka linasema hivyo hivyo. Wote wanasema wanavyoambiwa. Mimi nikianza kusema kweli peke yangu, si nitawaharibia hesabu?"

Nilimaliza kahawa yangu.

Basi, kaka yake Verna, Emil, alikuwa na mtoto mmoja tu, Denny, na Denny alikuwa na bendi ya roki. Waliiita Muskingum, jina la mto, kwa sababu mpiga ngoma alikuwa amewahi kuanguka humo. Walianzia kwenye banda la gari la Emil, wakaishia kuchukuliwa na kampuni ndogo ya Cleveland iliyoitwa Crestline. Walirekodi albamu moja. Wimbo wa kwanza uliotolewa humo haukuingia kwenye mia moja, na wa pili haukuingia. Mwezi wa tano wa mwaka 1975 ulitoka wa tatu, na kampuni ikampigia Denny simu: kama huu nao hautaingia mia moja kabla ya sikukuu ya uhuru, mwezi wa saba tarehe nne, mkataba umekwisha, hakuna albamu ya pili, kila mtu arudi kwao.

Emil alikuja dukani kwa Verna siku hiyo hiyo, bado ana vumbi la tanuri kwenye nyusi.

"Mimi makelele yale siyawezi," alisema. "Mama yake anayajua makelele yale kuliko mimi. Lakini yule mtoto akirudi hapa atafanya nini? Nilimpeleka kiwandani wiki moja. Alivunja vigae vingi kuliko alivyopanga. Msimamizi aliniomba nimchukue, tena kwa heshima."

"Wewe tulia," Verna akasema. "Jumatatu nikipigiwa, nasema namba moja."

"Uongo?"

"Kwani ulidhani chati inatengenezwa na malaika?"

Emil alivua kofia. Alikuwa mtu wa kwenda misa kila siku, mvua ije jua liwake. "Verna, mtoto wangu hapandi kwa uongo. Watu wanunue kweli, wewe useme kweli. Kama hawanunui, arudi avunje vigae."

"Utawapata wapi watu wa kununua, Emil? Hapa watu wananunua muziki wa polka na nyimbo za Krismasi."

"Niachie mimi," alisema Emil, akavaa kofia akatoka.

Alikwenda moja kwa moja kwa Padri Hruska. Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo ya ndoa na ya mazishi, padri alitangaza kwamba mtoto wa parokia hii ana shida, na dawa ya shida yake inapatikana dukani kwa Verna Hudak, nyuma, baada ya pasi. Hakusema ni muziki wa aina gani. Chama cha wafanyakazi kiwandani kikapitisha azimio. Wazima moto wakapitisha lao. Na akina mama wa kanisani, ambao kila Ijumaa hukaa chini ya kanisa kukanda unga na kufunga pirohi za viazi na jibini za kuuza, wakakubaliana kwamba mapato ya Ijumaa hiyo yasiende kwenye paa la kanisa kama kawaida, yaende kwa Denny. Hata lile kanisa la pili, lisilosalimiana na la kwetu, likatuma watu wake, ili lisije likasemwa vibaya.

Sijawahi kuona biashara kama ile. Mafundi walikuja na nguo za kazi. Mabibi walikuja na vikapu. Verna aliishiwa santuri mara mbili, akampigia msambazaji wa Cleveland, na msambazaji akamuuliza kama ana hakika hakukosea jina. Mama Sabol, mjane wa mtaa wa juu, alikuja akanunua sita kwa mpigo.

"Mama Sabol, una mashine ya kupigia kweli?" Verna alimuuliza.

"Ya nini? Nina maua. Chini ya kila chungu naweka moja. Zinakinga meza na maji, hata sahani hazizifikii."

Na mimi nilinunua yangu. Mashine sikuwa nayo pia, lakini sikupenda Verna aone kwamba mlango wa pili pekee ndio haukununua.

Jumatatu simu ikalia. Nilikuwa nimeegemea kaunta na kikombe changu. Anayepiga alikuwa Marcy, binti ambaye Verna hakuwahi kumwona, ila kwa miaka yote ya kusemeshana alijua mpaka jina la paka wake.

"Haya, shoga, nipe ishirini," sauti ya Marcy ilisikika mpaka nilipokuwa.

Verna akanyoosha mgongo. Akavaa miwani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa ajili ya simu ile. "Namba moja, Muskingum."

"Nani?"

"Muskingum. Bendi. Ya hapa Ohio."

"Namba moja? Verna, huku kwangu hawapo hata mia mbili." Karatasi zikasikika zikifunuliwa. "Ngoja. Naona hapa majina ya watunzi. D. Hudak. Huyu ni nani wako?"

"Mtoto wa kaka yangu."

Marcy alicheka, na kicheko chake hakikuwa kibaya, kilikuwa cha mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Shoga yangu, nimekuelewa. Damu ni damu. Lakini fanya kwa kiasi. Mweke kumi na nane, sitauliza kitu, na atapata pointi zake. Ukisema moja, bosi ataona."

"Lakini ndiyo moja, Marcy. Ameuza kuliko wengine wote ukiwaweka pamoja."

"Kumi na nane, Verna. Nakubembeleza."

Nilimtazama Verna. Mtu huyo alikuwa ametaja watu namba tano wasiouza hata santuri moja, bila kukohoa. Kumi na nane kwake haikuwa kitu. Na kumi na nane, akiitaja, ingeweza kumwokoa Denny. Lakini alikuwa ameziona zile foleni. Alikuwa amefunga santuri zile kwenye karatasi kwa mikono yake mpaka vidole vikapasuka. Kwa mara ya kwanza tangu simu ile ianze kulia alikuwa na ukweli mkononi, na nadhani ulimlevya.

"Andika moja," alisema. "Wakitaka waje wahesabu."

Wakaja. Alikuja mmoja, Jumamosi, kijana mwenye tai nyembamba na mkoba, aliyejitambulisha kwa jina la Bwana Pruitt. Alisema ametumwa kuhakikisha. Verna alimkaribisha kama mwenye nyumba safi anavyomkaribisha bwana afya. Alimpa kahawa na keki ya mbegu za mpopi, akamweka kwenye kiti kando ya kaunta aone mwenyewe.

Na aliona. Mlango haukupumzika. Wanaume wa zamu ya asubuhi, wauguzi, mwalimu wa hesabu, shemasi. Kila mtu Muskingum, Muskingum. Bwana Pruitt alikuwa akiandika, na Verna alikuwa akinitazama kwa jicho la ushindi. Halafu akaingia Mama Sabol na kikapu chake.

"Nipe tatu nyingine, Verna. Nimeletewa maua ya dada yangu."

Bwana Pruitt akainuka. "Samahani, bibi. Unaipenda sana bendi hii?"

"Bendi gani?"

"Hii unayonunua."

"Ah, hapana, mwanangu. Wanasema ni kelele tupu. Sijaisikia, Mungu aninusuru."

"Sasa mbona unanunua?"

Mama Sabol alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayeuliza kwa nini mvua inanyesha chini. "Si kwa ajili ya Denny? Padri ametangaza. Na wewe nunua moja, kijana, usikae kimya hapo unakula keki ya watu bure."

Kijana akauliza na wengine. Fundi mmoja alisema chama kimeamua. Shemasi alisema ni tendo la huruma. Mwalimu wa hesabu alisema mke wake ndiye aliyemtuma. Katika wote wale hapakuwa na hata mmoja aliyesema wimbo ni mzuri, na wala hapakuwa na mmoja aliyedanganya.

Bwana Pruitt alifunga mkoba wake. Mchezo wa besiboli ulikuwa unaonyeshwa kwenye televisheni ya Lou Castagna pale kaunta, naye akasimama kuutazama mpaka kipindi kiishe. Aliisifu rangi yake. Hakuuliza imetoka wapi. Kisha akamgeukia Verna kwa upole.

"Bi Hudak, huu ni udanganyifu wa wazi. Nimefanya kazi hii muda mrefu na sijawahi kuona uliopangwa namna hii. Mji mzima!"

"Udanganyifu upi? Si wamenunua? Si umeona kwa macho yako?"

"Wamenunua, lakini hawautaki wimbo."

"Na wewe ulitaka kununua hiyo tai?" Verna akauliza.

Akachukua mkoba wake akaondoka. Duka likafutwa kwenye orodha ya gazeti. Jumatatu iliyofuata simu haikulia, na Verna alisimama karibu nayo akifuta pasi ambayo tayari ilikuwa inang'aa.

Emil alipopata habari alikaa kwenye ngazi ya mlango wangu, maana ngazi ya Verna aliiogopa. "Ni mimi," alikuwa akisema. "Ningemwacha aseme uongo wake wa kawaida, mtoto angepanda." Alisema angekwenda kuungama, ila hakujua aungame nini.

Sikukuu ilikuwa imekaribia. Denny, aliyekuwa njiani akipiga muziki kwenye baa za Indiana, hakuambiwa kitu. Verna alikataa. "Aimbe kwa amani siku zilizobaki," alisema. Lou Castagna alipita mara moja na viatu vyake vyeupe, akasikiliza kisa kizima, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Kweli, Verna? Ukawaambia kweli? Si ungenipigia kwanza?" Baada ya hapo naye hakupita tena.

Kisha, wiki ya mwisho kabla ya sikukuu, gazeti likatoka, na Muskingum ilikuwa ndani. Namba tisini na nne.

Mji ulipiga kengele. Sisemi kwa mfano. Padri Hruska alipanda mwenyewe akavuta kamba, na kanisa la pili likajibu. Wimbo ukaendelea kupanda, ukafika hamsini na nane, hapo ukapumzika, ukashuka taratibu. Kampuni ikatangaza kwamba albamu ya pili itarekodiwa. Wazima moto wakatundika kitambaa barabarani kilichoandikwa kwamba Corliss imeweza. Verna alisoma kitambaa kile kutoka mlangoni kwake, kisha akarudi ndani. Hakuelewa. Duka pekee ambamo wimbo ule uliuzwa lilikuwa lake, na lake halikuhesabiwa.

Alielewa kwenye karamu. Ilifanyika chini ya kanisa, pirohi zikiogelea kwenye siagi na vitunguu, Denny na wenzake mezani kwa heshima, nywele zao mpaka mabegani, kila bibi akipita anazivuta kidogo kuona kama ni za kweli. Crestline ilimtuma mtu wake wa kuzungukia maduka, mmoja anaitwa Skip, kijana mchangamfu aliyekuwa akila kama aliyefunga wiki nzima. Alikaa kati yangu na Verna.

"Kwa hiyo wewe ndiye shangazi mwenye duka," alisema. "Unajua sikuwahi kuja kwako? Nilisema, yule ni ndugu, atasema bure. Nisipoteze zawadi."

"Ukazipeleka wapi?"

"Oregon. Arizona kidogo. Friji, Verna! Watu wa Oregon kwa friji watakutajia hata bibi yako namba nne."

"Waliuza?"

"Nini?"

"Wimbo. Oregon waliuza?"

Skip alifikiri kwa uaminifu. "Sidhani kama hata tuliwapelekea."

Verna aliweka uma chini. Upande wa pili wa ukumbi Emil alikuwa amesimama juu ya kiti, jasho linamtoka, akiwaambia watu kwamba hii ni kazi ya mikono yao, kila santuri moja, kazi safi, hakuna aliyedanganya popote. Watu walikuwa wanalia. Mama Sabol alikuwa anafuta macho kwa kitambaa cha meza.

"Skip," Verna alisema, "habari za friji usizimwage humu ndani."

"Mimi? Hata New York sijawaambia."

Padri akamwita Verna asimame aseme neno. Alisimama. Nilidhani atasema, kwa maana nilimwona akivaa miwani. Alitazama ukumbi, akamtazama kaka yake juu ya kiti.

"Tuliuza sana," alisema, akakaa. Walimpigia makofi kuliko walivyoipigia bendi.

Asubuhi, kabla gari lao la Cleveland halijaondoka, Denny alikuja dukani peke yake. Mimi nilikuwa pale na kahawa yangu, nikataka kutoka, akaniambia, "Kaa tu, mzee Otto." Alizungukazunguka kwenye santuri, akagusa moja, akairudisha.

"Shangazi, nikuulize kitu. Huu wimbo ni mzuri?"

"Uko hamsini na nane, mwanangu."

"Najua uko wapi. Nauliza kama ni mzuri. Kila mtu hapa ananiambia alinunua ngapi. Nimemuuliza baba, akaniambia alinunua kumi na nne."

Verna alichukua santuri, akaitoa kwenye karatasi, akaiweka kwenye mashine ya dukani. Nilitambua wakati ule kwamba hakuwa amewahi kuipiga. Nafasi hakuwa nayo, kwa ule wingi wa wateja. Tuliusikiliza sisi watatu, tumesimama, mpaka sindano ikafika katikati na kuanza kukwaruza.

"Maneno mazuri," Verna alisema. "Ile sehemu ya mama anayesubiri dirishani ni nzuri. Ila gitaa limezidi. Linakufunika. Mtu anataka akusikie wewe, anasikia waya."

Uso wa Denny ukabadilika, nikaogopa. Lakini alikuwa anacheka. "Hata mimi nilisema hivyo hivyo! Niliwaambia pale pale studio!" Akamkumbatia, miwani ikabanwa katikati yao, na alitoka mbio kwa sababu wenzake walikuwa wanapiga honi.

Albamu ya pili ilitoka mwaka uliofuata, gitaa limepunguzwa, na sauti ya Denny unaisikia mpaka pumzi. Verna aliiweka dirishani mbele ya pasi. Nadhani ndiyo bora kuliko yote waliyofanya. Haikuingia kwenye chati yoyote, na watu wa Corliss hawakuinunua, maana hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba Denny ana shida.